Ardhi Isiyo na Mwenyewe: Sentensi ya Mwaka 1885 na Milima ya Masisi

Tarehe 1 Julai 1885, huko Vivi karibu na mdomo wa mto Kongo, Francis de Winton, afisa wa jeshi la Uingereza aliyekuwa msimamizi mkuu wa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, alitangaza kuanzishwa kwa Dola Huru la Kongo. Siku hiyohiyo alitia sahihi amri fupi kuhusu ardhi. Kifungu chake cha pili kilitamka mambo matatu kwa pumzi moja: mtu asikalie ardhi isiyo na mwenyewe pasipo hati, wenyeji wasinyang'anywe ardhi wanayoikalia, na ardhi isiyo na mwenyewe ihesabiwe kuwa mali ya dola. Kwa Kifaransa cha amri hiyo, ardhi isiyo na mwenyewe iliitwa terres vacantes.

Mkutano wa Berlin ulikuwa umefungwa miezi minne tu nyuma. Ziwa Kivu lilikuwa bado halijaonwa na Mzungu hata mmoja. Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alifika ufukweni mwake mwaka 1894. Kwa hiyo milima ya Masisi na misitu ya Walikale, magharibi ya ziwa hilo, ilikatiwa hukumu miaka tisa kabla ya Mzungu yeyote kuitia machoni, na wenyeji wake hawakusikia habari hiyo kwa muda mrefu zaidi ya huo.

Walioandika amri ile wamekufa zamani, dola lao lilivunjwa mwaka 1908, na koloni lililofuata nalo likaisha mwaka 1960. Msamiati wao haujaisha. Umepita mikononi mwa serikali baada ya serikali, umebadilishwa jina, na sehemu kubwa ya ugomvi wa mashamba katika Kivu Kaskazini inatokana nao. Mkulima wa Shasha, kijiji kilicho ukingoni mwa Ziwa Kivu kilomita chache kusini ya Sake, anaweza kulima shamba la babu yake maisha yake yote na bado akashindwa mbele ya mtu mwenye karatasi. Sababu ya jambo hilo ina historia yake, na kila hatua yake ina tarehe.

Mali ya marehemu asiye na mrithi

Warumi wa kale walikuwa na kanuni mbili ambazo hawakuzichanganya. Kitu ambacho hakijawahi kuwa cha mtu, kama samaki wa baharini au mnyama wa porini, kilikuwa cha yule atakayekishika kwanza. Mali iliyokuwa na mwenyewe lakini akafa bila mrithi ilikwenda kwenye hazina ya umma, kwa sheria zilizotungwa wakati wa Kaisari Augusto. Kanuni hii ya pili ndiyo iliyodumu. Wafalme wa Ulaya waliipenda kwa sababu iliwaingizia mali, na mwaka 1804 ikaandikwa katika Sheria ya Madai ya Napoleon, vifungu vya 539 na 713: mali isiyo na mwenyewe ni ya dola. Ubelgiji ilikuwa chini ya Ufaransa wakati huo, na ilipopata uhuru wake mwaka 1830 haikuitupa sheria hiyo. Kila mwanasheria Mbelgiji aliyemtumikia Leopold alikuwa ameisoma akiwa kijana.

Kwao Ubelgiji kanuni hiyo ilikuwa na madhara madogo. Mtu akifa, kulikuwa na daftari la parokia, daftari la manispaa, mthibitishaji wa wosia na ramani ya viwanja. Ili nyumba ihesabiwe kuwa haina mwenyewe, ilibidi kwanza nduguze marehemu watafutwe, na kukosekana kwao kuthibitishwe kwa maandishi. Kanuni ilipovushwa bahari, utaratibu huo uliachwa nyuma. Kongo haikuwa na daftari la ardhi, na ukosefu wa daftari ukachukuliwa kuwa ushahidi kwamba hakuna mwenyewe. Kanuni iliyotungwa kwa ajili ya marehemu asiye na warithi ikatumiwa juu ya watu waliokuwa hai, wenye warithi, wakilima.

Leopold hakuwa peke yake. Tamko la Kaizari wa Ujerumani la tarehe 26 Novemba 1895 liliifanya ardhi yote isiyo na mwenyewe katika Afrika Mashariki ya Kijerumani kuwa mali ya Taji. Mkataba wa Uganda wa mwaka 1900 uliiweka mikononi mwa Waingereza ardhi iliyoitwa pori na isiyolimwa. Katika pwani ya Kenya, sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye mashamba wajitokeze kudai; ardhi ambayo haikudaiwa ikawa ya Taji, na ndiyo sababu mojawapo ya kuwepo kwa maskwota wa Mombasa, Kilifi na Kwale wanaoishi kwenye ardhi ya wazee wao bila hati hadi leo. Jina lilitofautiana kutoka koloni hadi koloni, lakini mantiki ilikuwa ileile.

Ardhi ilivyoshikwa milimani

Tupande kidogo juu ya Shasha tuone kitu ambacho amri ya 1885 iliita tupu.

Karibu na nyumba kuna migomba, ambayo ni mali ya kudumu: aliyeipanda anajulikana, na mwanawe ataivuna. Nje ya migomba kuna shamba la maharagwe, mtama au viazi. Zaidi ya hapo kuna kipande kilichopumzishwa, nyasi zimeota, mbuzi wanakula. Mwaka wa kurudi kulilima unajulikana na jirani pia anaujua. Juu yake ni kichaka cha kuni, kisha msitu wa mianzi, mahali pa kutega, kurina asali na kuchimba dawa. Kati ya ukoo na ukoo kuna mti uliopandwa makusudi, kijito au kaburi. Ofisa aliyesimama barabarani angeyaona maharagwe na kusema hapa pana mtu. Kipande kilichopumzishwa, kichaka na msitu angeviita ardhi tupu. Katika kilimo cha kuhamahama na kupumzisha udongo, sehemu inayolimwa kwa mwaka mmoja ni ndogo kuliko sehemu inayosubiri, na ile inayosubiri ndiyo akiba ya familia.

Kwa Bahunde, wenyeji wa Masisi, mwami, yaani mtawala wa kimila, alikuwa mlinzi wa ardhi kwa niaba ya walio hai, waliokufa na watakaozaliwa. Hakuwa na ruhusa ya kuiuza, kwa kuwa haikuwa yake kwa maana hiyo. Mgeni aliyetaka kukaa alipewa mahali, na kila mwaka alitoa mutulo, toleo la heshima lililoambatana na mavuno. Mutulo haukuwa bei wala kodi ya pango. Ulikuwa njia ya kusema: niko hapa kwa idhini yako, nami natambua walionitangulia. Aliyeacha kuutoa alikuwa ameukata uhusiano, na hapo ndipo haki yake ya kukaa ilipotiwa shaka.

Walikale, katika misitu ya Banyanga, hali ilikuwa na sura nyingine. Mwanaanthropolojia Mbelgiji Daniel Biebuyck, aliyefanya utafiti miongoni mwao katika miaka ya 1950, aliandika jinsi msitu ulivyogawanywa katika maeneo ya uwindaji yenye majina, kila moja likiwa na ukoo wake na haki zake za mitego, asali na mazao mengine ya porini. Mtu angeweza kutembea humo siku nzima bila kuona jembe, na bado awe anavuka mipaka inayofahamika.

Sisemi kwamba utaratibu huo ulikuwa wa haki kwa wote. Wanawake walipata ardhi kupitia baba au mume, na Batwa, waliokuwa wamekaa msituni kabla ya wengine wote, walikuwa na sauti ndogo kuliko yeyote. Lakini utaratibu ulikuwepo, ulikuwa na wasimamizi na mashahidi, na uliweza kujibu swali la nani anamiliki nini.

1885 hadi 1908: dola linameza msitu

Sentensi ya De Winton ilikuwa na ulinzi ndani yake: wenyeji wasinyang'anywe ardhi wanayoikalia. Septemba 1886 amri nyingine iliongeza kwamba ardhi hiyo itaendelea kutawaliwa na mila na desturi za mahali, chini ya machifu. Kwa maandishi hayo mtu angedhani wenyeji wako salama. Kila kitu kilitegemea tendo moja tu, kukalia, na wafasiri wa tendo hilo walikuwa maofisa wa Leopold.

Wao walilifasiri kwa ufinyu kadiri walivyoweza. Kukalia kukawa nyumba na shamba lililolimwa siku hiyo. Kilichobaki, yaani karibu Kongo nzima, kikawa cha dola. Kisha, Septemba 1891, ikatoka amri ya siri iliyowaagiza maofisa kuhakikisha kwamba mazao ya ardhi hiyo, hasa pembe za ndovu na mpira, yanakwenda kwa dola. Matokeo yalikuwa makubwa kuliko urefu wa amri yenyewe. Mwanakijiji aliyegema mpira msituni alikokuwa akiwinda baba yake sasa alikuwa mwizi wa mali ya Leopold. Na kwa kuwa mpira ulikuwa wa Leopold, alilazimishwa kuugema kama kodi. E. D. Morel, aliyeongoza kampeni dhidi ya utawala huo kutoka Uingereza, alishikilia kwamba ukatili wote wa mpira ulitokana na unyang'anyi huu wa kisheria. Nadhani alikuwa sahihi. Viboko na mikono iliyokatwa vilikuwa njia. Shabaha ilikuwa kukusanya kile ambacho karatasi ilikuwa imekwisha kukichukua.

Kelele zilipozidi, Leopold alilazimika kuunda Tume ya Uchunguzi. Ripoti yake ya mwaka 1905 ilikiri kwamba tafsiri ya ardhi isiyo na mwenyewe imewabana wenyeji ndani ya vijiji vyao. Mwanasheria wa Brussels, Félicien Cattier, akaandika kwa ukali zaidi. Tarehe 3 Juni 1906 ikatoka amri mpya: ardhi ya wenyeji ni ile wanayoikaa, wanayoilima au wanayoitumia kwa namna yoyote kulingana na mila za mahali. Maneno hayo, kwa namna yoyote, yangetosha kuurudisha msitu wote. Amri hiyohiyo, hata hivyo, ilimpa mtawala uwezo wa kukitengea kijiji eneo lisilozidi mara 3 ya lile linalokaliwa na kulimwa, na watendaji wakaishika hesabu kuliko maneno.

Kivu yenyewe ilikuwa bado mbali na hayo. Vita vya dola dhidi ya wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wa mashariki, maasi ya askari Batetela, kisha mabishano ya mpaka na Wajerumani yaliyomalizika mwaka 1910, viliifanya isitawaliwe kwa karibu. Watu wa Masisi waliepuka mpira kwa kiasi, lakini hawakuepuka sheria iliyoachwa nyuma yake.

1908 hadi 1934: uchunguzi na Kamati ya Kivu

Ubelgiji ilipoichukua Kongo mwaka 1908, haikuifuta kanuni. Iliitia adabu ya kiofisi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza walowezi walianza kuutazama ukanda wa Kivu kwa hamu: udongo wa volkano, hewa ya baridi, malaria kidogo, mvua ya kutosha. Kahawa ilifaa karibu na ziwa. Chai, pareto na kwinini zilifaa milimani. Mwaka 1925 Hifadhi ya Albert, ambayo leo ni Virunga, ilitengwa jirani ya hapo. Januari 1928 ikaundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, kwa mfano wa ile ya Katanga, na kukabidhiwa mamlaka ya kugawa ardhi isiyo na mwenyewe kwa walowezi na makampuni.

Amri ya tarehe 31 Mei 1934 ndiyo iliyoipa kazi hiyo utaratibu kamili. Kabla ya ardhi kutolewa, ilitakiwa ufanyike uchunguzi mahali penyewe ili kuthibitisha kwamba ni tupu. Wenyeji wasikilizwe, haki zao ziandikwe, na waliokubali kuziachia walipwe fidia. Ukiisoma amri hiyo utaona ni ya uangalifu. Ubaya wake ulikuwa katika swali lililoulizwa na mtu aliyeulizwa. Swali lilikuwa: mnafanya nini hapa? Mila ya Bahunde ingejibu swali jingine: hapa ni pa nani? Na aliyeulizwa alikuwa hasa chifu, yule aliyetambuliwa na serikali na ambaye nafasi yake ilitegemea serikali hiyo. Yeye ndiye aliyekubali, na fidia ikapitia mikononi mwake.

Hapa ndipo naona mgeuko mkubwa kuliko wote. Mwami aliyekuwa mlinzi wa ardhi aligeuzwa muuzaji wake. Karatasi ya uchunguzi ilipokwisha kusainiwa, haki za familia zilizokuwa chini yake zilihesabiwa kuwa zimelipwa, hata kama familia hizo hazikuona faranga. Tangu siku hizo kuna njia mbili za kupata shamba Masisi. Moja ni ya kumwendea chifu na kukaa kwa jirani kama jirani. Nyingine ni ya kumwendea chifu apige sahihi, kisha kwenda ofisini. Njia ya pili ikawa na nguvu zaidi, na waliojua Kifaransa ndio waliozijua hatua zake.

1937 hadi 1957: Gishari

Mashamba ya walowezi yalihitaji watu. Ng'ambo ya ziwa, Rwanda, nayo ilikuwa chini ya Wabelgiji, ilikuwa imetoka kwenye njaa ya Rwakayihura ya miaka ya 1928 na 1929, na watawala walisema imejaa kupita kiasi. Mwaka 1937 ukaanzishwa mpango rasmi wa kuwahamishia Wanyarwanda Kivu, na uliendelea hadi 1955. Makumi ya maelfu ya watu walivushwa na kukaa hasa katika milima ya Masisi.

Ardhi ya kuwapokea ilipatikana kwa kanuni iliyokuwa tayari mezani. Eneo la Gishari, katika uchifu wa Bahunde, lilitafutiwa makubaliano na mwami Kalinda, likatolewa kwa fidia, na likafanywa uchifu wa peke yake chini ya chifu Mnyarwanda. Anayekumbukwa zaidi ni Wilfrid Bucyanayandi. Wahamiaji hawakuja kwa mlango wa mutulo. Walikuja kwa kibali cha serikali, kwenye ardhi ambayo serikali iliwaambia imelipiwa. Bahunde kwa upande wao hawakuona kwamba ardhi ya wahenga inaweza kulipiwa ikaisha. Malalamiko yao hayakukoma, na mwaka 1957 Wabelgiji waliufuta uchifu wa Gishari na kuurudisha chini ya Bahunde. Watu wakabaki palepale, sasa chini ya chifu ambaye waliambiwa kwa miaka mingi kwamba hawamhusu.

Lazima jambo hili lisemwe wazi, kwa kuwa limesababisha vifo. Mhamiaji wa Gishari hakuiba. Aliletwa, akafyeka, akalima, akazaa na kuzika hapo. Mhunde hakuwa mchoyo. Alidai kitu ambacho mila yake haikumruhusu kukitoa. Serikali iliweka madai mawili ya kweli juu ya mlima mmoja, kisha ikaondoka. Na wako wazungumzaji wa Kinyarwanda, hasa upande wa Rutshuru, waliokuwepo kabla ya mpaka wowote kuchorwa, ambao hesabu ya wahamiaji haiwagusi kabisa ingawa mara nyingi wametiwa humo.

1960 hadi 1973: kila udongo ni wa dola

Uhuru ulipofika, swali la nani mwenyeji na nani mgeni lilikuwa tayari ni swali la ardhi na kura. Kati ya 1963 na 1965 Masisi iliingia katika mapigano yaliyoitwa vita vya Kanyarwanda.

Kinshasa ilikuwa na hofu nyingine: makampuni ya Kibelgiji yaliyoshikilia hati za enzi za ukoloni. Tarehe 7 Juni 1966 ilitoka sheria iliyopewa jina la mbunge aliyeisukuma, Bakajika. Ilirudisha kwa taifa haki zote za ardhi, misitu na madini zilizotolewa kabla ya tarehe 30 Juni 1960. Ilipokelewa kwa shangwe, na kwa haki. Lakini haikusema kwamba ardhi inarudi kwa vijiji vilivyonyang'anywa.

Kisha ikaja sheria namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, ambayo ndiyo msingi wa mambo ya ardhi Kongo tangu hapo. Kifungu cha 53 kinasema udongo ni mali ya dola peke yake, mali isiyoweza kuuzwa wala kupotea kwa kupita kwa muda. Mtu binafsi hawezi kumiliki udongo. Anaweza kupewa na dola makubaliano ya kuutumia, yanayoitwa konsesio, ya kudumu kwa raia na ya muda kwa wengine. Leopold alidai ardhi tupu. Rais Mobutu alidai yote, yenye watu na isiyo na watu, na hivyo hakuhitaji tena kuuliza ipi ni tupu.

Kifungu cha 387 kilitangaza kwamba ardhi zinazokaliwa na jamii za wenyeji zimekuwa za dola, na cha 388 kikazitaja kuwa zile zinazokaliwa, zinazolimwa au kutumiwa kwa namna yoyote kulingana na mila: tamko la mwaka 1906 karibu neno kwa neno. Cha 389 kiliahidi kwamba haki za kuzitumia zitapangwa kwa amri ya rais. Miaka ikapita, miongo ikapita, amri hiyo haikutoka. Mamilioni ya wakulima wakaachwa katika nusu ya sentensi: ardhi yao ya kimila haikuwa tena ya mila, na utaratibu uliopaswa kuchukua nafasi ya mila haukuwepo. Machifu waliendelea kugawa mashamba kana kwamba hakuna kilichotokea, na ofisi za ardhi ziliendelea kugawa mashamba yaleyale.

1973 hadi 1996: cheti kinavyoshinda shamba

Miezi minne baada ya sheria hiyo, tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatapewa Wazaire, kama Wakongo walivyoitwa wakati huo. Mashamba ya walowezi wa Masisi yakaenda kwa watu wenye majina mjini na Kinshasa: wanasiasa, maofisa, wafanyabiashara. Barthélemy Bisengimana, mkurugenzi wa ofisi ya rais hadi mwaka 1977, alikuwa miongoni mwa waliopata ardhi kubwa. Machifu nao walishiriki, wakitia sahihi juu ya milima yenye watu.

Njia yenyewe ilikuwa hivi. Mwombaji hupeleka maombi, uchunguzi wa awali hufanywa, ule ambao vifungu vya 193 na kuendelea vinautaka kwa ardhi za mashambani, mkataba husainiwa, mwisho mhifadhi wa hati huandika cheti cha usajili. Mfumo huu wa cheti ulitoka Australia, kwa mtu aitwaye Robert Torrens, na uliletwa Kongo tangu miaka ya mwanzo ya Dola Huru. Chini ya sheria ya 1973, cheti kikishatimiza miaka 2 hakipingwi tena. Mkulima ambaye hajawahi kufika ofisi ya ardhi anaweza kugundua kuwepo kwake siku seng'enge inapofungwa au ng'ombe wanapoingizwa, na miaka hiyo 2 ikawa imekwisha kupita. Tangu hapo anaitwa mvamizi katika shamba la babu yake. Akiruhusiwa kulima pembeni, analipa kwa siku za kazi. Masisi wanaiita salongo, jina ambalo Mobutu alilipa kazi za lazima za umma.

Misitu na mashamba ya milimani yakawa malisho, mpaka jibini ya Masisi ikapata sifa. Kufikia mwaka 1991, kwa mujibu wa watafiti wa ardhi ya Kivu, familia zipatazo 500 zilikuwa na zaidi ya nusu ya ardhi ya Masisi. Wengi wa wenye mashamba hayo makubwa walikuwa wasemaji wa Kinyarwanda, lakini wasemaji wa Kinyarwanda wengi mno walikuwa wakulima wadogo wasio na hati, walionyang'anywa kama majirani zao. Siasa haikutaka kuiona tofauti hiyo. Sheria ya uraia ya mwaka 1972 iliwapa uraia waliotoka Rwanda na Burundi na kukaa kabla ya 1950. Ile ya 1981 ikauondoa. Kwa kuwa konsesio ya kudumu ilikuwa haki ya raia, kumvua mtu uraia kulikuwa pia kumvua shamba.

Tarehe 20 Machi 1993 wakulima wasemaji wa Kinyarwanda walishambuliwa katika soko la Ntoto, Walikale, na mauaji yakaenea Masisi nzima na kutoka pande zote. Maelfu waliuawa, na watu wapatao 250,000 walikimbia. Mwaka uliofuata wakaingia wakimbizi wa Rwanda pamoja na silaha zao, na 1996 vita kuu vikaanza. Ardhi haikuvianzisha peke yake. Lakini kila kundi lililotafuta vijana wa kupigana milimani liliwapata kwa kuwaahidi kurudishiwa udongo.

Tangu 2002

Vita havikuzuia utungaji wa sheria. Sheria ya Misitu ya Agosti 2002 ilizitaja jamii za wenyeji kuwa na haki ya kuomba misitu waliyoimiliki kimila. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 34, ikalinda mali ya mtu mmoja au ya pamoja iliyopatikana kwa sheria au kwa mila. Kifungu cha 9 cha Katiba hiyohiyo kinasema dola lina mamlaka ya kudumu juu ya udongo, na wanasheria wanaendelea kubishana namna ya kuvisoma viwili hivyo pamoja. Amri namba 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014 iliweka njia ya jamii kupata konsesio ya msitu isiyozidi hekta 50,000, bila kikomo cha muda. Julai 2022 Batwa na Wambilikimo wengine wakapata sheria yao ya kwanza ya ulinzi, inayotambua ardhi zao za kimila.

Walikale imekuwa mojawapo ya sehemu zilizoitumia zaidi njia ya 2014. Wanakijiji hutembea msituni na kifaa cha kupimia, huandika majina ya vijito na vilima, huwaita majirani wakubaliane mipaka, na kupeleka faili kwa gavana. Ni kazi ya miezi mingi, na matokeo yake ni dola kuwapa kwa hati msitu ambao lilisema mwaka 1885 kuwa ni wake. Naiona kuwa hatua njema kuliko zote zilizochukuliwa katika historia hii, kwa sababu kwa mara ya kwanza wanaoulizwa ni wengi kuliko chifu mmoja, na swali wanaloulizwa ni: hapa ni pa nani?

Masisi haina msitu wa kutosha kwa njia hiyo. Ina mashamba na malisho, na mambo yake bado yanaangukia sheria ya 1973. Februari 2024 waasi wa M23 walifika Shasha na kuikata barabara ya kutoka Goma, mji mkuu wa Kivu Kaskazini, kwenda Minova. Watu wa kando ya ziwa walikimbilia kambi za magharibi ya Goma, kama Bulengo na Lushagala. Januari 2025 Goma yenyewe ikaanguka, na Februari kambi hizo zikaamriwa zivunjwe, wakimbizi wakaanza kurudi wakiwa na mahema begani. Wengi walikuta shamba linalimwa na mtu mwingine, na baadhi yao walikuta anayelima ana karatasi au anadai anayo.

Uchunguzi wa awali unaotakiwa na sheria hufanyika mahali penyewe. Hutaka kusikiliza walio na madai, hutaka kuona dalili za matumizi, na baada ya hapo miaka 2 ya cheti huanza kuhesabiwa. Hakuna kifungu kinachosimamisha hesabu hiyo kijiji kinapokuwa kambini.